Asali ya Mwalimu Kanga

Siku zile wanyama walipokuwa na shule yao, Kanga alifundisha mpaka sauti ikamkauka. Alipostaafu wakamwahidi kijiko cha asali kila asubuhi, dawa ya koo lake, mpaka siku atakapokufa.

Mwaka huo mtunza mtungi wa asali alikuwa Nyani, mwanafunzi wake wa zamani, aliyepita mitihani yote kwa kumchungulia Swala.

"Mtungi umepungua, bibi," alisema Nyani, bila hata shikamoo. "Wastaafu mmekuwa wengi, na kufa hamtaki. Kuanzia leo mtanusa tu."

Kanga akanusa, akakohoa, akajiendea zake nyumbani.

Kesho yake Nyani akaletewa barua ya Mfalme Simba, na tarishi akasema jibu linatakiwa siku hiyo hiyo. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, asiambulie hata neno moja. Swala naye alikuwa safarini. Nyani akatimua mbio mpaka kwa Kanga.

"Shikamoo, Mwalimu! Shikamoo tena! Nisomee, tafadhali."

Kanga akaisoma kimoyomoyo, akaikunja, akamsogezea puani.

"Nusa."

Kwa mara ya kwanza maishani, Nyani akaelewa somo. Akarudi na mtungi mzima. Kanga akalamba vijiko vitatu, akasafisha koo, akasoma kwa sauti: "Wastaafu wote wapewe vijiko viwili kila siku. Atakayewanyima, nitamla mimi mwenyewe."

Tangu hapo wastaafu wanalamba viwili viwili, na mpaka leo Nyani hajui kama kweli ndivyo ilivyoandikwa.