Jina la Kirusi Kipya

Waliohudhuria Kongamano la Virusi siku ile walikuwa hawa: mwenyekiti, Dakta Mrutu. Watafiti wa seli thelathini na wanane. Mama mkwe wangu, Bibi Nakijwa. Na mimi, mwalimu wa darasa la nne. Sisi wawili tuliitwa kwa mujibu wa sheria, kwa kuwa kila kirusi kipya hupewa jina la mtu ambaye kilibadilika mwilini mwake.

Dakta Mrutu alituonyesha ukutani picha ya kirusi kikijishikiza kwenye seli ya koo, kisha kikipenya ndani.

“Mshiko huu mpya ulianzia nyumbani kwenu,” alisema kwa upole. “Nani aliugua kwanza?”

Nilikuwa mimi. Nilificha homa siku tatu ili nisikose kusimamia mitihani, na wanafunzi wangu kumi na mmoja wakalazwa. Nilifungua kinywa, lakini Mama alinifinya paja chini ya meza.

“Ni mimi, Dakta,” alisema. “Tena jina langu liandikeni kwa herufi kubwa. Tangu nizaliwe sijapata kutajwa na watu wengi hivi.”

Watafiti walicheka. Mama alininong’oneza, “Nyamaza, mkamwana. Wewe bado una darasa la kufundisha.”

Nilijua kwamba ilinipasa kusimama. Badala yake nilipanga upya makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Dakta Mrutu aligonga meza.

“Kongamano limeamua,” alitangaza. “Kuanzia kesho, watoto wote watachanjwa dhidi ya Nakijwa.”