Kitufe cha Ruhusu

Kwa miaka kumi na mitano hakuna nyumba iliyouzwa mjini bila kupitia kompyuta ya Mzee Kilua, wakili wa hati za nyumba. Sasa sheria mpya imemlazimisha kuunganisha mfumo wake na wa Zuhra, wakili mgeni wa ng'ambo ya barabara.

Leo amemwona Bi Mwanamkuu, mteja wake wa siku zote, akiingia kwa Zuhra na bakuli la visheti. Punde Zuhra akaomba, kupitia mfumo, hati ya nyumba ya Bi Mwanamkuu. Kwenye kompyuta kukatokea kitufe: Ruhusu. Mzee hakukigusa.

Zuhra akapiga simu. "Shikamoo mzee. Hati mbona haijafika?"

"Marahaba. Mtandao unasumbua."

Nyuma ya Zuhra ikasikika sauti ya Bi Mwanamkuu: "Mwambie asihangaike, namletea visheti vyake."

Kidole cha Mzee kilikuwa bado kinaelea juu ya kitufe Bi Mwanamkuu alipobisha hodi mlangoni.