Ujumbe wa Alhamisi

Mama aliiweka simu ya binti yake mezani, mbele ya Eleazar, akakifuta kioo chake kwa upindo wa aproni. Muuza juisi wa kituo cha mabasi cha Hermosillo ndiye aliyeiokota, siku mbili baada ya msichana kupotea.

"Hii programu ya kutumiana ujumbe umeitengeneza wewe, mwanangu. Nifungulie nione alikuwa anaongea na nani."

Eleazar akaifungua. Hapakuwa na kitu. Kila ujumbe ulijifuta baada ya saa ishirini na nne, na nakala haikubaki popote. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Wiki nzima alikuwa mtandaoni akibishana na waliodai sheria ya kulazimisha ujumbe uhifadhiwe. "Mnataka kuchungulia vyumba vya watu," aliwaandikia, na maelfu wakampongeza. Mdogo wake huyu aliyepotea alikuwa wa kwanza.

"Hata neno moja halikubaki?"

"Hata moja, mama."

Mama hakulia. Alikaa, mikono yenye unga wa ngano mapajani, akafikiri.

"Na wewe je? Mara ya mwisho alikuandikia lini?"

"Alhamisi jioni."

Ndiyo siku aliyopotea. Mama akainua uso haraka.

"Afadhali basi. Alisemaje?"

Eleazar alikumbuka jina la mdogo wake likimulika juu ya kioo, naye yuko katikati ya kumjibu mtu asiyemjua.

"Sikuusoma, mama," alisema. "Nilikuwa nabishana."