Kipanga Amekosa Pumzi

Kamyo, lori la mchanga, ilimpita Kipanga kwenye mlima wa Mutanga Sud, na luteni aliyeshika usukani akaona aibu mbele ya askari wake wawili. Akageuza gari, akateremka hadi mtaa wa Buyenzi, kwenye ua wa Khadidja alikolichukua asubuhi hiyohiyo.

Akaagiza fundi wa asubuhi aitwe.

Kipanga lilikuwa jina la gari. Kwa nje lilikuwa kuukuu, limeliwa na kutu mpaka milangoni. Kwa ndani marehemu Faruk, mume wa Khadidja, alilipandikiza injini ya gari kubwa kuliko hilo. Vita vilipofika, barabara ya Bugarama ikawa haipandwi ila kwa msafara wenye ulinzi, na anayebaki nyuma ndiye anayepigwa risasi. Kipanga hakuwahi kubaki nyuma. Abiria walimgombania, na nauli zao ndizo zilizomlisha mjane na watoto wake. Sasa luteni alitaka kumwazima kwa kazi ya jeshi, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuona gari lililoazimwa hivyo likirudi.

Kilichowaudhi watu zaidi ni Massoudi fundi. Asubuhi, luteni alipodai ufunguo, yeye ndiye aliyekimbilia boneti, mswaki wa mti mdomoni, akapima oili, akaongeza maji, akafuta na vioo, wala hakuna aliyemwomba. Wanawake wa barazani walitazamana. Mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, na hakusema kwa kunong'ona.

Massoudi aliitikia wito mbio, boksi la spana begani. Alieleza kwa unyenyekevu wa kuchefua. Ndani ya bomba la hewa, alisema, Faruk aliweka kimlango. Injini ikipiga mbio, mpira mwembamba wa hewa unaotoka kwenye injini unakinyonya, kimlango kinafunguka, na Kipanga anapata pumzi ya pili. Leo kimlango kimegoma.

"Mi nilimusikia kule Bugarama," luteni alisema. "Sauti ilibadirika, akapita makamyo yote. Iyo sauti naitaka mbele ya musafara kuondoka. Nikiikosa, we utaenda kunielezea ku kambi."

"Ndiyo, afande."

Askari mmoja alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani, lakini sauti haikubadilika. Massoudi akachomoa mpira, akanyonya kwa mdomo wake pale kimlango kinapovutwa, na kifimbo cha chuma kinachokivuta kikasogea. Kimlango ni kizima, akatangaza. Akagusisha kidole kwenye ncha ya mpira. Haunyonyi, akatangaza tena, kama mtu anayeuza samaki.

Khadidja alimletea birika la maji ya kunawa. Alipokuwa akimmiminia, aliinama karibu na sikio lake.

"Shemeji, jifanye hauione iyo shida. Nakuomba kwa jina ya Faruk."

"Mi ni fundi," Massoudi alijibu, kwa sauti ya kusikika barazani. "Gari ikigonjwa, naiponyesha."

Khadidja akayamwaga chini maji yaliyobaki. Mtu huyu ndiye aliyeiosha maiti ya Faruk. Leo Khadidja alimchukia kuliko luteni, maana luteni hakuwahi kula chakula chake.

Naye luteni hakuwa mjinga. Alimwondoa Massoudi kwa kiwiko, akauchomoa mpira wote, pande zote mbili, akaupuliza. Hewa ikatokea upande wa pili.

"Mupira ni muzima," alisema. "Basi shida iko pale unaingilia ku moteri."

Akazamisha mkono katikati ya mabomba, akipapasa kitundu cha injini ambamo mpira huchomekwa. Massoudi alisimama nyuma yake. Jasho lilimtiririka, na meno yake yalikuwa yakitafuna mdomo mtupu. Khadidja aliona, akajua anaogopa kambi, na hakumhurumia.

Injini ilikuwa imenguruma muda mrefu. Bomba likamuunguza luteni. Aliurudisha mkono haraka, akatukana kwa Kirundi, akatia vidole mdomoni.

"Pole, afande," Massoudi alisema upesi. "Pale nimesha kuangalia, akuna kitu. Ni valvu ya umeme imekufa. Inatokaka Dubai."

Nje, gari la jeshi lililokuja kumfuata luteni lilikuwa likipiga honi. Msafara ulikuwa unajipanga. Luteni alimwuliza mara ya mwisho kama anaweza au hawezi, na Massoudi, fundi aliyesifiwa kutoka Kanyosha hadi Buterere, akainamisha kichwa na kusema mbele ya mtaa mzima kwamba hawezi.

Luteni alilipiga teke boksi lake. Spana zikatawanyika ua mzima.

"Ku kambi niko na wajinga wa kutosha," alisema, akaondoka na askari wake, akamwacha Kipanga uani.

Wanawake wa barazani walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Khadidja alimshukuru Mungu kwa ubovu wa valvu. Kisha akamgeukia Massoudi na kumwambia kwamba kesho atamwita Byamungu, walau huyo ni fundi, na yeye asikanyage tena pale. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Massoudi alichuchumaa. Aliokota spana moja moja, akazifuta, akazipanga ndani ya boksi, bila haraka yoyote, mpaka bomba likapoa.

Akainama juu ya injini. Pale luteni alipoungulia vidole, akachomoa kwa kucha kipande cha mti kilichotafunwa ncha. Akauchomeka mpira mahali pake, akafunga boneti polepole, na mswaki wake akaurudisha mdomoni.