Mwana wa Kachero Noh

Cheon alivua viatu, akavigeuza pua zielekee mlangoni, kisha akawaambia vijana wake wawili bila kuwatazama, "Atakayetoa chozi humu ndani, nitajua ni mtu wa nani."

Deokpal akacheka puani. Gibeom naye akacheka. Miaka saba ndani ya genge ilikuwa imemfundisha kucheka pale anapocheka Deokpal.

Ilikuwa saa nane mchana, kwenye chumba cha msiba chini ya hospitali moja ya Busan. Ndani ya picha yenye utepe mweusi alikuwepo kachero Noh, aliyewaandama miaka nenda rudi, mpaka wakubwa wake wakamfukuza kazi kwa kumsingizia kwamba alikula rushwa ya genge hilohilo. Ndiyo maana ukutani hapakuwa na shada la maua hata moja, wala polisi mmoja wa kumzika. Alikuwepo mjane tu. Pembeni yake, pale anaposimama mtoto wa kiume kupokea wageni, palikuwa patupu.

Gibeom alipatazama mara moja, akayahamisha macho.

Noh ndiye aliyemwingiza kwenye genge. Yeye peke yake, duniani kote, ndiye aliyejua kwamba Gibeom ni polisi. Jina lake hakuliandika popote. Karatasi zinauzwa, alisema. Walikuwa wakikutana kwenye bafu la watu wote, uchi, mahali ambapo hakuna pa kuficha kinasa sauti, na Gibeom akimsugua mgongo kama mtoto anavyomsugua baba yake. Siku ya mwisho mzee alisema, akiwa amempa mgongo vilevile, "Mimi sina mtoto. Nikifa, nisimamie. Usiache wanizike kama mtu asiye na kwao."

Na Gibeom aliitika.

Wakachoma ubani. Wakaisujudia picha mara mbili. Mara ya pili, paji la uso la Gibeom likakaa sakafuni muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Umelala huko?" Deokpal akamnong'oneza.

"Goti limekamata."

"Oa, upate wa kukukanda."

Wakamwinamia mjane, wakaketi sakafuni kwenye meza fupi. Supu ya nyama ikaletwa, nyekundu kwa pilipili. Gibeom akajiongezea pilipili nyingine, ili macho yake yawe na sababu. Deokpal akamimina pombe, akanyanyua kikombe akigongeshe na cha mwenzake.

Cheon akamkamata kifundo cha mkono, kikombe kikiwa bado hewani.

"Msibani hatugonganishi vikombe. Wewe ulilelewa na nani?"

"Kaka, si msiba wa adui huu?"

"Msiba ni msiba. Nenda kawashe gari."

Deokpal akaondoka akijikuna shingo. Wakabaki wawili. Cheon akamimina. Gibeom akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni kunywa, kama anavyofanya mdogo mbele ya mkubwa, akashukuru kupata mahali pa kuuficha.

"Supu kali?" Cheon akauliza.

"Kali, kaka."

"Mimi naiona ya kawaida."

Bakuli la Cheon lilikuwa limejaa vilevile. Kijiko hakikuwa kimelowa.

Alikaa akimtazama Gibeom, mkono mmoja ndani ya koti, na Gibeom alijua kinachokaa ndani ya koti lile. Alishawahi kuona kikitoka.

Mjane akaja mpaka mezani kwao, akapiga magoti. Mikononi alikuwa na vitambaa viwili vya katani, vile wanavyofunga mkononi watoto wa marehemu, kimoja cha mistari miwili, kingine cha mstari mmoja. Gibeom alidhani watu wa msiba wanavitoa kwa jozi.

"Samahani, wageni wangu," alisema, akitazama meza. "Wanataka kumweka kwenye jeneza sasa. Wananiuliza mfiwa mkuu ni nani, nimekosa la kujibu. Mimi sikumzalia. Lakini yeye aliniambia mwanangu atakuja, we subiri tu. Basi nasubiri, naona mchana unakwisha."

Huko juu uani, Deokpal alikuwa akilingurumisha gari.

Gibeom akapiga hesabu zake. Akinyamaza, atatoka hapa akiwa mzima. Ataendelea kuwa mtu wa Cheon mpaka afe, na hakuna mwanadamu atakayejua kwamba aliwahi kuwa mtu mwingine. Akifungua mdomo, hafiki kwenye ngazi. Akakitazama kikombe chake. Akaitazama picha. Mzee hakuwa ametabasamu hata kwenye picha. Alikuwa na sura ileile ya mtu anayesubiri kusuguliwa mgongo.

Akasimama. Akaizunguka meza, akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama," alisema, na machozi aliyoyabana tangu asubuhi yakashuka yote, hayakuhitaji pilipili. "Ni mimi. Nisamehe kwa kuchelewa."

Nyuma yake alisikia mto wa kukalia ukisukumwa. Alisikia Cheon akija, taratibu, kwa soksi. Hakugeuka. Alinyoosha mkono akashika kile kitambaa cha mistari miwili, akangoja.

"Acha hicho," Cheon alisema juu ya kichwa chake, kwa sauti iliyokauka. "Hicho ni cha mtoto mkubwa. Mgongo wa mzee nilianza kuusugua mimi kabla yako."

Akavua koti, akaliweka chini, akapiga magoti kando yake, akamnyooshea mjane mkono wa kushoto.