Muumini wa Nje ya Dirisha

Bibi kizee yule aliimba akiwa nje. Waumini wote wa kanisa lile la Mutuka walikuwa ndani, na mabenchi mawili ya nyuma yalikuwa matupu, lakini yeye alikaa kwenye kigoda chini ya dirisha, kitabu cha nyimbo mapajani, akiitikia kila ubeti pamoja nao.

Dokta Hanne alipomwona tu, hakutulia tena. Mama huyu alitoka Denmaki kuja kuchunguza jinsi mila za watu zinavyoingia kwenye ibada ya Kikristo, na wiki tatu nzima hapa Babati hakuwa amepata cha maana zaidi ya kwaya na vigelegele. Sasa kapata.

Jovita, mkalimani wake, naye alikuwa na lake. Dokta alishamwahidi kwamba wakipata habari moja nzito atamwombea nafasi ya kusoma kulekule Denmaki, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Jovita aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Babati ilikuwa imemshinda.

Baada ya ibada wakamfuata Mzee Tadeo, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Jesse," akaitikia, bila kumpa mkono.

Dokta alishajua maana ya kuitwa hivyo. "Kumbe una mtoto," akamwambia kwa Kiingereza.

"Nilikuwa naye," Jovita akasema, na haraka akarudi kwenye swali lililowaleta. Kwa nini yule bibi anakaa nje?

Mzee Tadeo akajibu kwa Kiiraqw, polepole, maneno mengi, na muda wote alimtazama Jovita, si mgeni.

"Anasema ni mila," Jovita akatafsiri. "Mjane akizeeka hukaa nje ya nyumba ya ibada, awalinde walio ndani. Ni heshima kubwa."

"Mbona yeye ameongea sana?"

"Wazee wetu ndivyo walivyo, Dokta. Wanazunguka weee, ndipo wafike."

Dokta akaandika kurasa mbili hapohapo. Kisha akataka kumsikia bibi mwenyewe. Jovita akajaribu kumzuia. Akasema bibi ni mgonjwa, akasema jua ni kali, akasema bajaji inawasubiri. Wapi, mgeni alishaanza kutembea.

Yule bibi, Ursula jina lake, hakuinuka. Dokta akawasha kinasa sauti, akauliza kama kukaa pale hakumuumizi. Bibi akanyoosha mkono, akamshika Jovita kiganja, akasema maneno yake kwa Kiiraqw, taratibu, bila kulia. Alipomaliza akamwachia.

"Anasema nini?"

Jovita akatafsiri. "Anasema amezoea. Bibi zake nao walikaa hivyohivyo, na yeye hana kinyongo."

Dokta alitokwa na machozi. Njiani kurudi mjini alisema barua ya chuo ataituma kesho asubuhi. Kilichobaki ni kimoja tu, Jovita amwandikie maneno ya bibi yote, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Akamkabidhi kinasa sauti.

Alasiri ileile, chumbani kwake Maisaka, Jovita akaandika ukurasa mzima wa mila, heshima na bibi waliotangulia. Aliuandika vizuri sana. Alipomaliza akawasha kile kinasa sauti, apime kama urefu wa maandishi unalingana na wa maneno yenyewe.

"Jovita mwanangu," bibi akasema, "mimi ndiye niliyekuzaa. Jesse alikufa kwa homa, sikumroga. Ulisimama mbele ya kanisa ukanitaja. Mwaka wa tatu huu nakungoja usimame tena, uyafute maneno yale, nami niingie ndani."