Ngiri Aanika Mkaa

Enzi hizo wanyama wangali wakipika, Ngiri alikuwa mchoma mkaa, na majivuno yake yalifuka kuliko tanuri lake. Jirani yake, Kenge, alikuwa mpenda kuota jua. Alitega mabati yanayong'aa, akaweka sufuria katikati, akajilaza.

"Jua ni la kuanikia, jirani, si la kupikia!" Ngiri alicheka mpaka akagaagaa.

Siku aliyoalika wakwe zake, mvua ya alfajiri ikalowesha magunia yake yote ya mkaa. Akapuliza jiko hadi macho yakamtoka. Moshi tele, moto hakuna! Jua lilipochomoza, akaumwaga mkaa uani kwa Kenge, akawa anaugeuza kwa pua.

"Wafanya nini, jirani?"

"Naanika mkaa."

"Ukikauka?"

"Niuwashe, nipike maharage."

Kenge akafunua sufuria. Maharage yameiva, nazi inanukia. "Yangu hayakupitia kwenye mkaa," akasema. "Yametoka juani moja kwa moja."

Mara hodi mlangoni kwa Ngiri! Wakwe hao. Ngiri akaikumbatia sufuria ya Kenge, akakimbia nayo kwake.

"Karibuni! Mimi kwangu napikia jua siku zote!"

Wakwe wakala, wakasifu, wakaramba vidole. Waliuliza jambo moja tu: mbona pua ya mkwe wao ni nyeusi tii?